Haki rejeshi katika kata: mwongozo kamili wa kuianzisha na kuiendesha Mwanza

Ofisi ya mtendaji wa kata, iwe Nyamagana au Ilemela, haiishiwi mashauri ambayo mahakamani yangeonekana madogo lakini yanawakosesha watu usingizi. Maji ya mvua yanatoka kiwanja cha juu na kuchimba msingi wa nyumba ya chini. Wauza mboga wenye meza jirani wametukanana hadi wateja wakakimbia. Vijana wamerushiana mawe na kuvunja kioo cha daladala iliyoegeshwa. Mweka hazina wa kikundi ametumia marejesho ya mkopo. Kwa kawaida mambo haya huisha kwa njia mbili. Ama mwenyekiti wa mtaa anawakemea wote na kuwaambia wakaishi vizuri, ama wazee wanamtoza mkosaji faini ya kreti za soda, mchele, pengine mbuzi. Faini inaliwa siku hiyohiyo na waliokaa kikao, na aliyebomolewa ukuta anarudi kulala kwenye nyumba yenye ukuta uliobomoka.

Haki rejeshi inaanza na huyo aliyebomolewa. Ameumia vipi, anahitaji nini, nani ana wajibu wa kurekebisha madhara, na mtaa usaidie wapi ili jambo lisijirudie. Kwa sura yake ya sasa utaratibu huu ulianza Kanada mwaka 1974, katika mji wa Elmira, Ontario, ambako vijana wawili walioharibu mali 22 walipelekwa kukutana na wenye mali hizo na kupanga malipo. New Zealand ikauingiza kwenye sheria yake ya watoto mwaka 1989. Usukumani wanamhala, wazee wa jadi, walikuwa wakikalisha watu chini miaka mingi kabla ya hapo, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa kuona kikao. Kazi yenyewe ni kukiondolea kikao mazoea mawili, faini ya walaji na hotuba ya wakubwa.

Watu huulizia pia gacaca, mahakama za kijamii za Rwanda. Usiichukue kama mfano. Ile ilishughulikia mauaji ya kimbari, ilikuwa na mamlaka ya kufunga watu, na ilifungwa mwaka 2012. Kikao cha kata hakimfungi mtu wala hakimtozi.

Chora mpaka kabla ya kupokea shauri la kwanza

Miradi mingi ya usuluhishi huharibika hapa. Mtendaji mwenye nia njema anapokea kila kitu, kisha siku moja anajikuta amekalisha familia mbili kuzungumzia mtoto aliyebakwa. Andika mpaka huu kwenye karatasi na uubandike ukutani.

Hayaingii kabisa: ubakaji, ulawiti, mimba ya mwanafunzi, ndoa ya utotoni, kipigo cha ndani ya ndoa, kifo, jeraha kubwa, silaha, unyang'anyi, dawa za kulevya. Hayo yanakwenda polisi siku hiyohiyo. Ya wanawake na watoto yanakwenda Dawati la Jinsia na Watoto, na taarifa za mtoto zinaweza pia kutolewa kwa simu namba 116, bure. Aliyejeruhiwa apewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali kwanza, maneno baadaye. Kuomba au kupokea fedha ili kosa kubwa la jinai lifichwe ni kosa lenyewe, na mwezeshaji, yaani mwongoza kikao, aliyeandika "makubaliano" ya namna hiyo anaweza kujikuta kizimbani pamoja na waliosaini.

Tuhuma za uchawi nazo ziko nje, na hili liangaliwe kwa makini katika mkoa huu. Ukimkalisha bibi kizee kwenye duara ili "apatane" na wanaomtuhumu, tayari umewaambia majirani kwamba lipo jambo la kupatanisha. Kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Uchawi. Kinachotakiwa ni ulinzi wake: polisi kata ajulishwe, mtendaji awaite watuhumu peke yao na kuwaeleza sheria, na wapiga ramli wanaojiita lambalamba wasikanyage mtaani.

Mpaka wa kiwanja au umiliki wa ardhi peleka Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halihukumu migogoro ya ardhi. Linasuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kikao chako kinaweza kuzungumzia matusi yaliyozuka mpakani. Jiwe la mpaka lenyewe usiliguse.

Wizi huwachanganya wengi. Hata kitu kikiwa kidogo, mtaa hauna mamlaka ya kufuta kosa la wizi. Kikao kinaweza kukaa sambamba na kesi, ili mali irudi na aliyeibiwa apate majibu ya maswali yake, lakini kila aliyepo aelezwe kwamba polisi na mahakama wana njia yao. Shambulio la kawaida, lile la makofi na kushikana mashati, lina nafasi kubwa zaidi: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza wahusika wapatane kwa fidia au masharti mengine inayoyakubali, na kusimamisha shauri. Kwa kesi ambayo tayari iko mahakamani, mpelekeeni hakimu mlichokubaliana, aamue yeye.

Kinachobaki ni kingi na kinatosha kuwashughulisha mwaka mzima: majirani, soko, kelele za baa, taka, maji, choo, mifugo, vikundi vya mikopo, ugomvi wa vijana, uharibifu wa mali usio mkubwa, na malalamiko dhidi ya halmashauri yenyewe. Ukiwa na shaka, chukulia shauri halijaingia hadi kitengo cha sheria cha halmashauri kiseme.

Kibali na watu

Andika andiko la kurasa mbili, si zaidi, na ulipeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ni mwenyekiti wake, mtendaji ni katibu, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, kwa hiyo likipita hapo hakuna mtaa utakaosema haukuambiwa. Litaje mambo matano: mashauri yanayoingia na yasiyoingia, wawezeshaji watakavyopatikana, kwamba kikao ni cha hiari, kwamba hakuna ada wala faini, na nani anapokea taarifa. Nakala ziende kwa mkurugenzi kupitia idara ya maendeleo ya jamii, kwa mwanasheria wa halmashauri, kwa afisa ustawi wa jamii na kwa polisi kata. Polisi wasipojua mapema, mara ya kwanza watakapokuta karatasi yenu mfukoni mwa mtu watadhani mmeanzisha mahakama.

Wawezeshaji wanane wanatosha kata moja. Nusu wawe wanawake, angalau wawili wawe vijana, na wafanye kazi wawili wawili. Wasiwe diwani, mwenyekiti wa mtaa, balozi wa nyumba kumi wala kamanda wa sungusungu. Wanasiasa huhesabu kura hata wakiwa wamenyamaza, na anayekaa mbele yao analijua hilo. Sungusungu ndiye aliyemkamata kijana usiku, hivyo asubuhi hawezi kumwambia ajisikie huru. Mara nyingi wanaofaa ni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye maduka wanaoaminiwa kukopesha, na walimu wastaafu. Hawa wa mwisho wana maradhi yao: hufundisha. Mpe mwalimu mstaafu mazoezi ya kunyamaza kabla ya kumpa kikao.

Mafunzo ni siku tatu. Siku ya kwanza ni mipaka na sheria, ya pili kusikiliza na kutembelea wahusika, ya tatu kuigiza kikao na kuandika makubaliano. Baada ya hapo kila mmoja akae pembeni kwenye vikao viwili akitazama kabla ya kushika chake. Mafunzo ya asubuhi moja yenye cheti na picha ya pamoja hayatoi mwezeshaji.

Kupokea shauri

Mnahitaji kaunta buku moja na kabati lenye kufuli. Kwenye kaunta buku chora safu za namba, tarehe, mtaa, aina ya shauri, uamuzi (limepokelewa au limepelekwa wapi), tarehe ya kikao, matokeo, kisha safu tatu za ufuatiliaji: siku ya 7, ya 30 na ya 90. Majina na maelezo yasiandikwe humo. Buku hukaa mezani, na kila anayesubiri kusainiwa barua ya utambulisho hulisoma kichwa chini. Majina yakae kwenye faili kabatini.

Ndani ya siku 3 amueni kama shauri linaingia. Ndani ya siku 14 kikao kiwe kimekaa. Mkiwahi mno watu bado wanachemka. Mkichelewa, kila upande unakuwa umeshakusanya wapambe na habari imezunguka bomba la maji mara kumi.

Maandalizi ndiyo kikao

Kikao cha saa mbili kinahitaji angalau saa nne za maandalizi. Mkikosa muda wa maandalizi, ahirisheni. Watu wanaoitwa moja kwa moja mbele ya wenzao hurudia ugomvi mbele ya mashahidi, na mara ya pili huuma kuliko ya kwanza.

Anzeni kwa aliyeumia, nyumbani kwake au anapopataka, wawezeshaji wote wawili. Maneno ya kwanza yawe mepesi: "Shikamoo mama. Tumekuja kukusikiliza. Hatujaja kukushawishi usamehe, na ukikataa kikao hakuna atakayekulaumu." Sentensi hiyo ya kati ina kazi. Wengi, hasa wanawake na wapangaji, wamezoea kwamba usuluhishi maana yake ni kuambiwa wameze. Muulize kilichotokea, kilivyomgusa yeye na wa nyumbani kwake, kipi kimekuwa kigumu zaidi, na angependa nini kifanyike. Kisha muulize anaogopa nini kuhusu kikao. Jibu la hapo ndilo litakalopanga viti, saa na watu wa kualikwa.

Nendeni kwa mkosaji siku nyingine, au saa nyingine, msionekane mkitoka mlango mmoja kuingia wa pili. Maswali yake ni haya, kwa mpangilio huu:

1. Nini kilitokea?
2. Ulikuwa unafikiria nini wakati ule?
3. Tangu siku ile umekuwa ukifikiria nini?
4. Nani ameguswa na jambo hili, na kwa namna gani?
5. Unaweza kufanya nini kuliweka sawa?

Msimuulize "kwa nini". Swali hilo humfungulia mtu mlango wa kujitetea, na Mswahili akianza kujitetea ana hoja za kumtosha hadi magharibi. Lazima akubali kwamba alilifanya jambo, hata kama anapinga sehemu ya maelezo. Anayekana kabisa hana kikao. Arudi kwenye njia ya kawaida, na mlalamikaji aelezwe wazi.

Kila upande uje na mtu au watu wawili wa kuwaunga mkono. Muwaone nao mapema. Mjomba mwenye sauti kubwa ambaye hakuandaliwa anaweza kuvunja kazi ya wiki mbili kwa dakika moja. Kama mhusika ni mtoto, mzazi au mlezi awepo pamoja na afisa ustawi wa jamii. Mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai kisheria, hivyo msimkalishe kama mkosaji: zungumzeni na wazazi.

Ahirisheni mkiona mlalamikaji anajibu huku akimwangalia mtu mwingine kabla ya kusema, mkosaji anacheka au anamtaja mkubwa fulani anayemjua, upande mmoja ni mwajiri au mwenye nyumba wa mwenzake na kodi inadaiwa mwezi huu, au mmoja amekunywa. Hilo la mwajiri halizuii kikao, ila linahitaji msaidizi wa kisheria akae na mnyonge tangu siku ya kwanza.

Kiswahili kinatosha kwa wengi mjini. Mzee anayesema mambo mazito kwa Kisukuma au Kikerewe apewe mkalimani asiyekuwa ndugu wa upande wowote.

Siku ya kikao

Chagueni Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa kuna swala, Jumamosi Wasabato wako ibadani, na Kanda ya Ziwa si wachache, Jumapili kanisa. Kwa watu wa soko, saa 10 jioni hufaa kuliko asubuhi. Mahali pawe darasa la shule, ukumbi wa zahanati au chini ya mti usio kando ya njia. Ofisi ya mtendaji ni ya mwisho, kwa sababu ya bendera, picha ukutani na mgambo mlangoni.

Viti viwe 8 hadi 14, vya aina moja, kwenye duara, bila meza katikati. Ondoeni meza kuu yenye kitambaa hata kama mwenye ukumbi ameshaitandika kwa heshima. Diwani akija kusalimia, asalimie, kisha asindikizwe. Wekeni maji ya kunywa. Pande mbili zisifike kwa mlango mmoja wakati mmoja: mwezeshaji mmoja ampokee aliyeumia dakika 15 kabla na amwonyeshe kiti alichokichagua mwenyewe.

Anayefungua aseme mambo manne kwa dakika tatu: tumekuja kwa hiari na yeyote anaweza kuondoka, anayesema asikatizwe, hapa hakuna faini, na usiri una kikomo. Kikomo hicho mkieleze kama kilivyo. Wawezeshaji hawatasimulia, lakini wakisikia mtoto anaumizwa au mtu anapanga kumdhuru mwingine watatoa taarifa. Msiahidi kwamba maneno ya kikao hayatatajwa mahakamani, kwa sababu ahadi hiyo si yenu kuitoa.

Mkosaji ndiye anayeanza, kwa maswali yaleyale mliyomwuliza nyumbani. Watu hupinga hili, wakiona aliyeumia ndiye aheshimiwe kwa kutangulia. Mjaribu mkitaka, ila mtaona kwamba akitangulia anabeba mzigo wa kuthibitisha, na mkosaji anapata muda wa kupanga majibu. Mkosaji akisema kwanza "ni kweli nilifungua bomba lile usiku", mwenzake anaachiliwa ushahidi na kubaki na maumivu yake tu. Baada yake aseme aliyeumia, wasaidizi wake, wasaidizi wa mkosaji, kisha mkosaji tena. Kuna wanaotumia kitu cha kupokezana, anayekishika ndiye msemaji. Kwa vijana wa shule kinafaa. Kwa watu wazima wa Mwanza mwezeshaji kutaja jina la anayefuata kunatosha.

Kimya kitakuja, mara nyingi baada ya aliyeumia kumaliza. Hesabu kimoyomoyo hadi 20 kabla ya kusema chochote. Radhi nyingi za kweli hutoka kwenye kimya hicho, na wawezeshaji wapya huziua kwa kusema "basi, tumesikia, tuendelee". Msidai radhi wala msidai mikono ishikwe.

Kuandika makubaliano

Makubaliano yaandikwe palepale, kwa mkono, nakala tatu, kwa maneno ya wahusika. Kila kipengele kiseme nani, atafanya nini, lini, kwa gharama ya nani, na nani atakagua. "Atamheshimu jirani yake" na "hatarudia tena" si vipengele, maana hakuna awezaye kuvikagua.

Chukua shauri ambalo kila masika hurudi kwenye milima ya Mabatini na Igogo: mwenye nyumba ya juu anatapisha choo wakati wa mvua, maji machafu yanashuka kati ya mawe hadi uani kwa wa chini. Makubaliano yanayotekelezeka yanaweza kusomeka hivi:

"Mwenye nyumba ya juu ataziba tundu la shimo la choo upande wa korongo kabla ya Jumamosi saa 10 jioni, kwa mawe na mfuko mmoja wa saruji atakaonunua yeye. Mwenye nyumba ya chini na fundi waliyemkubali wote watakagua jioni hiyo. Jumapili asubuhi mwenye nyumba ya juu na wanawe wawili wakubwa watasafisha ua na ukuta wa nyumba ya chini kwa maji na klorini. Atalipa shilingi 60,000 za godoro na unga ulioharibika, shilingi 20,000 kila tarehe 5 kwa miezi mitatu, mbele ya mwezeshaji. Kufikia tarehe 30 atakuwa amekwenda MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kuuliza kuhusu kuunganishwa na bomba la majitaka na ataleta majibu. Mwenye nyumba ya chini ataacha kulitaja jambo hili bombani na kwenye kikundi cha simu cha mtaa."

Tazama kilichomo. Tundu linazibwa kabla ya fedha, kwa sababu mvua haisubiri tarehe 5. Bomba la majitaka limetajwa kwa sababu gari la kunyonya halipandi huko juu, na bila njia ya kutoa uchafu shimo litajaa tena na ahadi itavunjwa na mtu mkweli. MWAUWASA imejenga mtandao wa mabomba ya majitaka kwa ajili ya makazi ya milimani. Ulizeni kabla ya kikao kama umefika mtaa huo, mjue mnaahidi nini. Aliyeumia naye ana kipengele, kwa hiari yake. Bwana afya aalikwe kama mtu wa ufundi, na mmwulize mapema kama atatumia mamlaka yake ya kisheria, maana makubaliano hayamzuii.

Fedha ndizo huvunja makubaliano mengi. Mbele ya watu mkosaji hukubali kiasi kikubwa kwa aibu, halafu anahama. Mwulizeni faraghani anaingiza kiasi gani kwa siku na kinachobaki baada ya chakula na kodi. Awamu isizidi theluthi moja ya kilichobaki. Kazi inaweza kuchukua nafasi ya fedha endapo aliyeumia anaitaka na inahusiana na madhara yenyewe. Kumfagilisha kijana soko zima kwa sababu alivunja kioo ni adhabu, na adhabu ya kazi ni ya mahakama kuitoa chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002.

Baada ya kusaini, chai na karanga kwa wote, zilizolipwa na kata. Zikilipwa na mkosaji, faini imerudi kwa mlango wa nyuma.

Siku ya 7, ya 30, ya 90

Siku ya 7 mwezeshaji aende kwa miguu pande zote mbili na aone kwa macho. Siku ya 30 aende tena, au apige simu kama kila kitu kimetekelezwa. Siku ya 90 aulize swali moja tu: jambo limejirudia?

Mkosaji akishindwa, ulizeni kwanza kama ameshindwa au amekataa. Aliyeuguliwa na mtoto akaruka awamu moja anahitaji ratiba mpya, dakika kumi mezani. Aliyekataa anaitwa mara moja, na akiendelea kukataa, aliyeumia anarudi kwenye njia zake za kisheria akiwa na barua fupi ya mtendaji kwamba kikao kilikaa na hakikufanikiwa. Barua isiseme yaliyozungumzwa. Na msimtume mgambo kudai awamu. Siku mgambo atakapogonga mlango kwa ajili ya karatasi yenu, hiari imekwisha katika kata nzima.

Halmashauri ikiwa ndiyo iliyoumiza

Hapa ndipo watu wataamua kama mnamaanisha. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kwenye barabara na maeneo yasiyo rasmi katika miji ya Tanzania, Mwanza ikiwemo, na mivutano kati ya mgambo na wauzaji haijawahi kukauka. Kata inayowataka wananchi wakae kwenye duara huku jiji likijibu kwa tangazo la kipaza sauti haitaaminiwa muda mrefu.

Kikao cha namna hii kinahitaji wawezeshaji kutoka kata nyingine. Upande wa halmashauri aje mtu mwenye mamlaka ya kusaini, akiwa na barua ya mkurugenzi inayotaja anachoweza kukubali. Ofisa anayejibu "nitafikisha ngazi za juu" kwa kila jambo asiitwe, ni bora kusubiri. Aje pia mgambo aliyekuwepo siku ile, maana mama aliyemwagiwa nyanya anamkumbuka yeye, hamkumbuki mkuu wa idara. Wauzaji wachague watu wao wanne au watano, na angalau mmoja asiwe kiongozi wa umoja wao.

Elezeni mapema kipi kinawezekana. Kikao hakiwezi kusimamisha sheria ndogo. Kuibadilisha ni kazi ya Baraza la Madiwani, na inahitaji idhini ya waziri. Kinachowezekana ndani ya wiki chache ni kurudisha mali iliyoshikiliwa, kutoa orodha iliyosainiwa kila mali inaposhikwa, kuweka notisi ya maandishi yenye siku zinazojulikana kabla ya kuondoa watu, mgambo kuvaa namba za utambulisho, na kumhamisha zamu aliyepiga. Bidhaa zinazooza ziwe na utaratibu wao: nyanya zilizokaa stoo siku tatu hazirudishwi, zinalipwa, na malipo hayo lazima yawe na kifungu kwenye bajeti.

Mwanasheria wa halmashauri ataogopa neno "samahani". Mpeni afisa maneno yanayoeleza tendo lenyewe: "Tarehe hiyo askari wetu walimwaga bidhaa zenu bila kuandika orodha. Hilo halikupaswa kutokea." Mara nyingi linatosha kuanzia.

Mwaloni

Kirumba, Igombe, Kayenze na mialo mingine ina kalenda yake. Wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapong'aa, kwa hiyo pangeni vikao vipindi vya mbalamwezi. Mkipanga gizani mtapata wake zao na nusu ya habari.

Ugomvi mkubwa ni mgao kati ya tajiri wa mtumbwi na vijana wake: mafuta yamekatwa kiasi gani, nani alilipia nyavu zilizochanika. Daftari la mauzo lije kwenye maandalizi na lisomwe kwa sauti, kwani nusu ya mashauri haya huisha hapo. Viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, wasiwezeshe kikao cha mgao, kwa kuwa mara nyingi wao wenyewe ni matajiri wa mitumbwi. Wanafaa kama mashahidi wa bei na desturi. Mashauri ya nyavu haramu, makokoro na timba, hayapatanishwi, ni ya afisa uvuvi.

Vijana wa mwaloni huhama kambi, leo Igombe, mwezi ujao Ukerewe. Makubaliano yao yaishe ndani ya siku 14, au yawe na mdhamini anayekaa hapohapo, aliyekubali mwenyewe na kuandika namba yake ya simu.

Fedha, ripoti na makabidhiano

Gharama si kubwa: nauli za wawezeshaji, vocha, karatasi, chai, mafunzo ya mwaka mara moja. Tatizo ni posho. Mkilipa kwa kikao, vikao vitaongezeka na maandalizi yatapungua. Lipeni nauli na muda kwa mwezi, kiasi kilekile kwa shauri lililokaa na lililoahirishwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na halmashauri huandaa makadirio miezi mingi kabla, kwa hiyo ombi la kata likifika Aprili limeshachelewa. Lipelekeni kwenye vikao vya kupanga vipaumbele vya mitaa.

Kila robo mwaka peleka ripoti ya ukurasa mmoja kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata: yaliyopokelewa, yaliyopelekwa kwingine, yaliyokaa, yaliyotekelezwa siku ya 30, yaliyojirudia siku ya 90. Idadi ya "waliopatanishwa" peke yake isikubaliwe. Angalieni pia aina: kata ikipata mashauri saba ya maji kutoka mtaa mmoja, inahitaji mtaro, na ripoti hiyo ndiyo hoja ya diwani kuuombea fedha.

Watendaji huhamishwa. Funguo za kabati ziwe mbili, moja kwa mtendaji na moja kwa mwezeshaji aliyechaguliwa na wenzake, na siku ya makabidhiano mashauri yenye awamu ambazo hazijaisha yaandikwe kwa namba, moja moja, mtendaji mpya asaini mbele ya mwezeshaji huyo.